Nilidesa chanjo ya kuku

Najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki nne sasa, na wengine mmeshaanza kunitania kule kwenye vimbweta kwamba bumu limeisha na bando limeisha. Bumu limeisha kweli, lakini si hilo lililoninyamazisha. Nilikuwa naona aibu tu. Leo nasema.

Wengi mnajua nina ukurasa mwingine, ule wa ufugaji wa kuku kibiashara. Niliuanza mwaka wa kwanza, nilipofika hapa SUA kusoma mambo ya uchumi wa kilimo nikiwa na simu moja na maneno mengi. Kuku nawajua wa kijijini kwetu Singida, wale wanaojitafutia wenyewe na kulala juu ya mti. Kuku wa banda sikuwahi kufuga hata mmoja. Lakini wasomaji walikuja, na duka moja la vyakula vya mifugo mjini likaanza kunipa elfu thelathini kwa mwezi nitangaze bidhaa zao. Kwa mwanafunzi hiyo ni wiki mbili za msosi, si mchezo.

Sasa ukiandika kuhusu biashara lazima ujue wenzako wa fani hiyo wanaandika nini. Mimi njia yangu ilikuwa hii: kila usiku baada ya kubukua nafungua kurasa za kuku moja baada ya nyingine. Zilikuwa ishirini na tatu. Picha kibao, matangazo yanaruka, bando linaliwa, na nusu ya hizo kurasa hazina jipya tangu mwezi uliopita. Nikikuta kitu kizuri naandika upya kwa maneno yangu, au nikiwa nimechoka nakichukua kama kilivyo. Sisi hapa chuo tunalijua jina lake: kudesa. Tofauti ni kwamba ukidesa kwenye mtihani unayefeli ni wewe.

Mwezi uliopita, saa mbili usiku, namba ngeni inapiga. Sauti ya mama mtu mzima. "Mwanangu, wewe ndiye yule wa kuku?" Nikasema shikamoo mama, ndiyo mimi, nikidhani anataka kutangaza. Akasema, "Nilifuata ulivyoandika. Wanakufa."

Kesho yake nikapanda daladala hadi Kihonda. Mama huyu alichukua mkopo kwenye kikundi chao, akanunua vifaranga mia mbili. Nilipofika walikuwa wamebaki sitini na kitu. Wengine shingo zimepinda, vinyesi vya kijani, wanapumua midomo wazi. Hata mimi wa makaratasi nilijua kwamba huo ni mdondo, kideri kama wengi wanavyouita. Kilichonimaliza ni karatasi ukutani. Alikuwa amekwenda steshenari akachapisha andiko langu la ratiba ya chanjo, akalibandika mlangoni mwa banda kwa misumari. Jina langu liko chini kabisa, na picha yangu ile ya kucheka.

Ratiba yenyewe haikuwa na kosa: siku ya saba mdondo, siku ya kumi na nne gumboro, siku ya ishirini na moja mdondo tena, siku ya ishirini na nane gumboro tena. Alifuata siku zote hadi ya ishirini na moja, na kila tarehe kaitia vema kwa kalamu. Sasa wanakufaje?

Nikamtafuta jamaa yangu mmoja wa BVM, naye akanipeleka kwa lekchara wao. Mzee yule hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: chanjo aliichanganya kwenye maji gani? Ya bomba, nikasema. Akatikisa kichwa. Chanjo zile za kwenye maji ya kunywa zina virusi hai vilivyodhoofishwa, na klorini inayowekwa kwenye maji ya bomba kuua vijidudu inaviua navyo pia. Kuku wanakunywa maji matupu, mwenye kuku anajua amechanja. Inatakiwa maji safi yasiyo na dawa, ya kisima au ya mvua. Kama huna ila ya bomba, unatia kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kama gramu mbili na nusu kwa lita, unayaacha kidogo ndipo uchanganye chanjo. Na vifaranga waminywe maji kwa saa moja au mbili kabla, ili chanjo ikiwekwa waimalize mapema. Akaongeza kwamba inawezekana pia chupa ilipata joto njiani, maana chanjo hai inataka ubaridi kuanzia dukani mpaka bandani, na mama aliibeba kwenye pochi. Kwa hiyo kipi hasa kilichoua hakuna atakayesema kwa uhakika. Ila andiko langu halikuwa na neno hata moja kuhusu maji wala barafu.

Basi bwana, usiku ule sikulala. Nikataka kujua lile jedwali lilitoka wapi. Nililitoa kwa mtu, sawa, lakini yeye alilitoa wapi? Bahati nzuri lilikuwa na kosa la uchapaji, "mdodno" badala ya mdondo, na mimi nililichukua nalo bila kuliona. Nikaliweka neno hilo kwenye Google ndani ya alama za kunukuu. Kurasa kumi na moja! Zote jedwali moja, zote "mdodno", na mimi nimo. Saba kati yake zilikuwa kwenye zile ishirini na tatu nilizokuwa nazipitia kila usiku nikijiona nafanya utafiti. Kumbe nilikuwa nasoma mtu mmoja mara saba.

Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya mwaka 2012, ya mfugaji ambaye inaonekana aliacha kuandika kitambo. Chini ya jedwali lake kulikuwa na mistari miwili: usitumie maji ya bomba yenye dawa, na chupa ibebwe kwenye barafu. Aliyefuata alichukua jedwali, akaacha mistari. Waliobaki wote, pamoja na mimi, tukachukua kwa huyo wa pili.

Nimebadilisha namna ya kufuatilia wenzangu, na nawaambia kwa sababu wengi wenu mna kurasa zenu za biashara, wa mitumba, wa keki, yule dada wa vipodozi hosteli ya jirani.

Kwanza nimeacha kuzunguka. Kuna kitu kinaitwa RSS, kilianzia Netscape mwaka 1999, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ukurasa unatoa mlisho wa vichwa vya habari zake, wewe una programu moja inayoikusanya milisho yote, na andiko jipya likitoka linakuja lenyewe. Wengi wanadhani ilikufa Google walipoifunga Google Reader mwezi Julai 2013. Haikufa. Ukurasa wa Blogspot, mwisho wa anwani ongeza /feeds/posts/default. Wa WordPress mara nyingi ni /feed/ tu. Unaitia kwenye Feedly kwenye simu, au Thunderbird kama una kompyuta, umemaliza. Asubuhi nikisubiri chai kwa mama lishe nasoma vichwa dakika tano, nafungua kimoja au viwili. Bando la wiki sasa linafika Ijumaa, muujiza huo.

Lakini hiyo ni mitambo. Shida yangu haikuwa bando, ilikuwa watu niliowaamini. Kwa hiyo zile ishirini na tatu nimezichuja zikabaki sita, na kipimo changu ni kimoja: huyu ana kuku? Anayefuga utamjua. Anataja hasara. Anakwambia wiki hii pumba imepanda, jana paka kala vifaranga wanane, ile dawa niliyoisifu mwezi wa tatu naifuta. Anayedesa hana hasara hata siku moja, kuku wake wote wanataga. Halafu chini ya maandiko ya wafugaji soma maoni. Pale ndipo mtu wa Dodoma anamwambia mwandishi umekosea, na mara nyingi ana haki.

Nafasi zilizobaki nimewapa watu ambao hata si wa kuku. Nafuatilia bei ya mahindi na mashudu ya alizeti, kwa sababu chakula ndicho kinachomfilisi mfugaji na chakula ni mahindi. Nafuatilia hali ya hewa. Waandishi wenzangu wa kuku huziandika habari hizo zikiwa zimeshapoa, baada ya bei kupanda.

Kero ni kwamba wajuzi wengi hawaandiki tena kwenye kurasa, wamehamia Instagram na makundi ya WhatsApp, na kundi la WhatsApp halina mlisho. Unakaa humo unapokea "asubuhi njema" mia mbili ili upate neno moja la maana. Enzi za Ndesanjo Macha alipoanza Jikomboe mwaka 2004, na Michuzi akafuatia mwaka 2005, mwanablogu aliweka pembeni orodha ya wenzake, wewe unaruka kutoka kwa huyu hadi kwa yule. Naona walikuwa na adabu kuliko sisi. Ukichukua cha mtu, weka anwani yake, msomaji aende akaone na ile mistari miwili ya chini. Kama ningefanya hivyo, na yule kabla yangu angefanya hivyo, mama angefika mpaka 2012.

Andiko la chanjo nimelirekebisha na juu nimeandika wazi lilikosea nini na lini. Mwenye duka hakupenda. Alisema ningelifuta kimya kimya, na mwezi huu elfu thelathini haijaja.

Mama nilimpelekea laki na nusu ya bumu. Alikataa mara mbili, mara ya tatu akapokea elfu hamsini akasema nyingine nikale. Jumamosi iliyopita ameingiza vifaranga hamsini. Siku yao ya saba inaangukia keshokutwa, saa kumi na mbili asubuhi, na mimi ndiye wa kwenda kuchota maji kisimani kwa jirani. Nimeshaazima kile kiboksi cha barafu cha dada wa aiskrimu hapa hosteli. Nikichelewa pindi la saa mbili, mnisainie.