Kilwa Si Jina la Barabara Tu

Kila siku maelfu ya wakazi wa Temeke hupita Barabara ya Kilwa wakienda kazini na kurudi. Kondakta wa daladala huita Mtoni, Mtongani, Rangi Tatu. Hawa hushuka, wale hupanda, na jina la barabara limezoeleka kiasi kwamba halimkumbushi mtu kitu. Lakini barabara hiyo ina mahali inapokwenda. Asiyeshuka Mbagala akaendelea kusini, akapita Kongowe, Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, akavuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa na kukunja kushoto Nangurukuru, hufika Kilwa Masoko baada ya kilomita zipatazo 300. Ng'ambo ya maji ataona kisiwa ambacho ndani yake upo msikiti ulioanza kujengwa katika karne ya 11 ya Miladia.

Katika nchi ya Peru, Amerika ya Kusini, watu kutoka pande zote za dunia hutembea kwa makundi, siku nne katika milima ya Andes, ili kuufikia Machu Picchu, mji wa mawe wa Wainka. Njia hiyo ina urefu wa kilomita kama 42, na mahali pamoja hupanda zaidi ya mita 4,200 juu ya usawa wa bahari. Serikali ya huko hairuhusu zaidi ya watu 500 kwa siku, wapagazi wakiwamo, wala hairuhusu mtu kwenda bila kiongozi. Machu Picchu ulijengwa katikati ya karne ya 15. Husuni Kubwa, kasri la masultani wa Kilwa, lilikuwa limekwisha simama kwa zaidi ya miaka 100. UNESCO nayo iliyaandika magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, na Machu Picchu ukafuata mwaka 1983. Pamoja na hayo, watoto wetu wengi wa Tandale na Mbagala humaliza shule bila kukanyaga Kilwa. Historia ya Uislamu wanaijua kuwa ni ya Makka, Madina, Baghdad na Cordoba. Kuhusu pwani yao wenyewe, wanachokijua ni ngome za wakoloni na soko la watumwa.

Familia isiyo na uwezo wa safari ndefu inaweza kuanzia karibu. Kunduchi, katika wilaya ya Kinondoni, pana magofu ya msikiti na makaburi ya kale chini ya mibuyu. Baadhi ya makaburi hayo yana nguzo ndefu, na katika kuta zake walipachika mabakuli ya kaure kutoka China. Mtoto akiliona tundu lililobaki pale bakuli lilipong'olewa, hataona shida kuuliza limekwenda wapi, na hapo somo litakuwa limeanza.

Kilwa, kwa upande wake, ni safari ya jamaa. Familia kadhaa za mtaa mmoja, au wazazi wa madrasa moja, huweza kuchangishana mapema, wakakodi basi dogo na kuondoka baada ya swala ya Alfajiri. Kwa umbali huo msafiri anaruhusiwa kupunguza swala za rakaa nne na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Vijana waliosoma mlango huo wa fiqhi vitabuni watauona ukitendeka njiani, mbele ya baba na babu zao. Kilwa Masoko ndiko hukatwa kibali na kupatikana kiongozi, kisha watu huvuka kwa mashua. Inafaa kuvaa viatu vinavyoweza kulowa, kuchukua maji ya kunywa ya kutosha, na kuwatanguliza wazee wakati jua halijawa kali, kwa sababu kisiwani ni mwendo wa miguu.

Karibu na ufuko lipo Gereza, ngome iliyojengwa na Waomani mahali ambapo Wareno waliweka ngome yao ya kwanza mwaka 1505, baada ya meli za Francisco de Almeida kuushambulia na kuupora mji. Mbele kidogo ndipo ulipo Msikiti Mkuu. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa katika karne ya 14, ikaezekwa kwa makuba na matao ya matumbawe na chokaa. Upande wa mashariki, juu ya genge linaloitazama bahari, ndiko iliko Husuni Kubwa, yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane.

Utajiri huo ulitokana na biashara, hasa ya dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala. Masultani walipiga sarafu zao za shaba zenye majina yao kwa hati ya Kiarabu. Moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine zilizuka mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia.

Mwaka 1331 alifika hapo Ibn Battuta, msafiri wa Tanja. Aliwasifu watu wa Kilwa kwa dini na wema, akaandika kuwa walifuata madhehebu ya Imamu Shafi. Sultani wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Msafiri huyo asimulia kuwa sultani alikuwa akitoka swala ya Ijumaa, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani aliingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nyingine, na zile akampa fakiri. Ni kisa cha kuwasimulia watoto palepale, lakini wasimuliwe chote. Mwana wa sultani alizikomboa nguo hizo kwa watumwa kumi, na sultani mwenyewe akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu ulikuwapo, na waliotolewa kama mali walikuwapo pia. Mtoto anayeelezwa yote mawili hatatikisika atakapoyasikia kwa mtu mwingine.

Hapo hapo litazuka swali la nani waliojenga. Vitabu vya kikoloni vilipenda kusema ni wageni watupu, kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji. Utafiti wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili, uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, umeonyesha kuwa kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ilikuwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama, na kwamba asili ya Asia ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Uajemi, kwa upande wa kina baba. Kuchanganyika kwao kulianza kiasi cha mwaka 1000. Kwa hiyo mtoto wa Kimatumbi, Kizaramo au Kingindo anayesoma Kurani leo Mbagala hajaazima dini ya mtu. Imo katika ardhi hii kwa miaka 1,000, na mama wa ardhi hii walikuwapo tangu mwanzo wake.

Kwa sababu hiyo adabu ya ziara ni lazima. Wanazuoni wa Kishafi wanafundisha kuwa msikiti uliowekwa wakfu haurudi kuwa mali ya mtu hata ukibomoka. Basi tusiingie mihrabuni kwa vicheko vya kupiga picha, tusipande kuta, wala mtoto asirudi na kigae mfukoni. Makaburini tutoe salamu, tuwaombee marehemu na tukumbuke akhera. Haja zetu tumwombe Mwenyezi Mungu peke yake. Magofu haya yaliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na hayakutolewa humo hadi 2014, baada ya kazi ya kuimarisha kuta. Bahari na mizizi ya miti vinaendelea na kazi yao.

Kurani Tukufu inatuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Wazazi wenzangu wa Kinondoni na Temeke, likizo ijayo tukae na walimu wa madrasa tupange tarehe, tukadirie mchango wa kila familia, na tusiwasahau mayatima wa mtaani. Wazee wanaojua hadithi za kusini waombwe kukaa kiti cha mbele, ili wasimulie tangu Kongowe.