Kabla ya Kugonga Muhuri

Nilizaliwa Mlalo, katika Milima ya Usambara Magharibi, kwenye nyumba iliyozungukwa na migomba. Baba alilima viazi na kabichi, mama alilima maharage, na jioni mazungumzo ya nyumbani yaliishia kwenye mipaka. Nani kasogeza tuta. Nani kapitisha mfereji katika shamba la mwenziwe. Wazee walihesabu miaka kwa kutaja wakati wa matuta, ile miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza ilipowalazimisha watu wa Mlalo kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Watu walipinga, kwa sababu waliogopa kwamba baada ya kuitolea ardhi jasho kwa amri ya mkubwa, ardhi isingekuwa yao tena. Nikakua nikijua kwamba kwetu hakuna shamba lisilo na historia, na kwamba historia hiyo iko vinywani mwa watu zaidi kuliko makabatini.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ukarani wa Mahakama ya Mwanzo, mwishoni mwa miaka ya 1990. Nilipokea madai, niliandika hati za wito, nilipanga majalada. Mashauri ya mirathi na mashamba hayakuisha. Watu walileta karatasi zilizochanwa kwenye madaftari ya shule: mimi fulani nimemuuzia fulani shamba langu, mashahidi ni fulani na fulani, kisha alama za dole gumba. Mara nyingi muuzaji alikwishafariki, na mashahidi pia. Hapo hakimu aliamua twende shambani. Mpaka uliotushinda mahakamani kwa wiki nzima tuliuelewa mara tu tuliposimama juu yake, jirani akituonyesha msale uliopandwa na babu yake na kisiki cha mgrevilea uliokatwa. Nilibeba jalada na kuandika alichosema kila mtu. Uwakili wangu wote umejengwa juu ya safari zile.

Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998, kilinifungulia mlango wa masomo bila kuihama milima yetu. Nikiwa mwanafunzi, tarehe 1 Mei 2001, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zikaanza kutumika. Tulizisoma zingali mpya, tukibishana hadi usiku. Baadaye nilichukua shahada ya sheria Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini, nikaenda Dar es Salaam kwenye Shule ya Sheria kwa Vitendo, nikaapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Wenzangu wengi walibaki Dar, kwenye makampuni na mabenki. Mimi nilirudi Lushoto, nikapanga chumba karibu na soko, nikatundika kibao. Nilirudi kwa sababu ukarani ulikuwa umenionyesha mwisho wa mambo, yaani watu wakiwa tayari wamegombana. Nilitaka kukaa mwanzoni mwake, pale ambapo ugomvi bado unaweza kuzuiwa.

Wateja wangu wa mwanzo walikuwa wanunuzi kutoka Dar na Tanga, wengi wao wastaafu walioipenda baridi ya Irente na Magamba. Wenyeji walikuja baadaye, walipoona kwamba ninaketi na wauzaji pia. Kila mmoja nilimweleza jambo lile lile kwanza. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Anachonunua mtu ni haki ya kuimiliki na kuitumia, pamoja na nyumba iliyosimama juu yake. Kwenye viwanja vilivyopimwa mjini haki hiyo huwa ya muda, miaka 33, 66 au 99, na huandikwa kwenye hati iliyosajiliwa. Kijijini ni hakimiliki ya kimila, nayo iko chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Mnunuzi asiyejua yuko upande gani atasaini karatasi zisizo zake.

Kwa nyumba yenye hati, kazi ina utaratibu unaojulikana. Nafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kuona jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio lolote. Nahakikisha kodi ya pango la ardhi imelipwa. Mthamini anathamini. Tunasaini mkataba wa mauziano, tunajaza fomu namba 29, 30 na 35, muuzaji anakadiriwa kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata, ushuru wa stempu unalipwa asilimia 1, kisha jina linabadilishwa kwenye daftari. Miaka yangu ya mwanzo majalada yetu yalikwenda hadi ofisi ya kanda mjini Moshi. Tangu ofisi za ardhi za mikoa zianzishwe mwaka 2020, tunashuka kwa Soni na Mombo hadi Tanga. Hii ndiyo sehemu ambayo wakili yeyote makini anaimudu, awe Lushoto au Mwanza.

Sehemu nyingine haimo kwenye fomu. Alinijia mwalimu mstaafu aliyeipata nyumba kwenye barabara ya Irente, bei nzuri, muuzaji kijana mwenye heshima. Dalali alikuwa na haraka. Nikamwambia mwalimu, "Shikamoo baba, hela yako ikae benki mpaka nifike huko." Nilipofika, nyuma ya nyumba nilimkuta mama mtu mzima akipalilia viazi. Nilimwamkia, nikaketi naye kwenye ukingo wa tuta. Alikuwa mjane wa mwenye nyumba, mke wa pili, mama mdogo wa yule kijana. Hakuna aliyemwambia kwamba nyumba inauzwa. Mirathi ya marehemu haikuwahi kufunguliwa.

Kijana yule hakuwa tapeli. Aliamini kwamba mtoto wa kiume wa kwanza anarithi na anauza. Nilimwita ofisini, nikamweleza kwamba mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata awe mtoto wa pekee. Ukoo ukakaa kikao, muhtasari ukaandikwa, shauri likafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akateuliwa. Ilichukua miezi. Mwalimu alinung'unika, kisha akanunua. Mjane alipata fungu lake na sehemu ya kulima, kwa maandishi. Mwalimu anaishi pale hadi leo, na mama yule humletea maharage. Ningegonga muhuri siku ile ya kwanza, wangekuwa wanakutana kwenye baraza la ardhi.

Wake ndio wanaosahauliwa kuliko wote. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenziwe, na hati ya ridhaa huambatanishwa kwenye majalada. Lakini saini ni jambo jepesi kupatikana. Nimezoea kumwomba mume atusubiri nje, niongee na mke peke yake, kwa Kisambaa kama ndicho kinachomtoka vizuri. Namuuliza, "Mama, umeelezwa mtahamia wapi?" Mama anayejua wanakohamia ananijibu mara moja, na mama aliyeletwa kusaini tu hutazama mlango. Katika ndoa za wake wengi nauliza kila mke analima wapi na analala wapi, kwa sababu huku kwetu kila nyumba ina mashamba yake, na mume anayesema anauza shamba lake huenda anauza chakula cha watoto wa mke mmoja.

Vijijini hatari kubwa ni muhuri mmoja. Mnunuzi anapewa karatasi yenye saini ya mwenyekiti au mtendaji, anarudi mjini akiamini amemaliza. Tangu mwaka 1985 Mahakama ya Rufani imekwisha kusema kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya mamlaka ya kijiji hayana nguvu. Idhini hiyo hutoka kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25, na kikao huacha muhtasari. Mimi naomba kuusoma muhtasari wenyewe, naangalia mahudhurio, naangalia kama shamba limetajwa kwa mipaka yake na majirani wake. Nimewahi kumkatalia mteja aliyetaka eneo karibu na Migambo kwa sababu kikao kilichotajwa kwenye karatasi hakikuwahi kukaa. Aliondoka kwa hasira. Sikujuta, na nisingefanya vingine.

Kisha kuna milima yenyewe. Mnunuzi anaona mandhari; mwenyeji anaona maji yanakopita wakati wa masika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito na vyanzo vya maji, na kwenye mabonde yetu membamba mita 60 zinaweza kumeza kiwanja kizima. Kuna mawe ya mpaka wa msitu wa Magamba. Kuna njia ya miguu ambayo kina mama wameipita kwenda chemchemi tangu zamani, na mnunuzi mgeni huijua siku anapojenga ukuta. Kwa hiyo natembea mzunguko wote wa eneo nikiwa na muuzaji, mnunuzi, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa kila upande. Kila jirani anataja anachokijua, na njia na mfereji vinaandikwa ndani ya mkataba. Kazi hii haifanyiki kwa simu.

Nisiseme hata hivyo kwamba ukaribu ni wema mtupu. Wakili anayetoka mahali pamoja na mteja wake amelelewa, amesomeshwa na atazikwa na watu wale wale anaopaswa kuwahoji. Ndugu yangu upande wa baba aliwahi kuuza nyumba, akataka niwaandikie yeye na mnunuzi kwa pamoja, gharama ipungue. Nilikataa. Shangazi akaja ofisini, akakaa muda mrefu bila kusema, kisha akaniambia, "Mwanangu, tulikusomesha ili utusaidie sisi." Nilimpigia magoti nikamjibu, "Shangazi, nikimwandikia mnunuzi huku nikiwa wenu, siku atakapopatwa na shida atasema tulimla pamoja. Jina litakaloharibika ni la nyumba yetu." Mnunuzi nilimpeleka kwa wakili mwingine Korogwe. Mauzo yalikamilika, na hakuna aliyeyarudia barazani. Tangu hapo nimejiwekea kanuni: kabla ya kupokea ada natamka undugu wowote nilionao na upande wa pili, na simwakilishi muuzaji na mnunuzi wa mali moja.

Siku hizi vijana huniuliza wamchagueje wakili wa kuwanunulia nyumba milimani huku. Nawaambia waanze na yanayothibitika. Jina lake walitafute kwenye mfumo wa Mahakama ya Tanzania wa e-Wakili, waone kama leseni yake ya mwaka huu iko hai, kwa maana vishoka wako kila wilaya na mihuri yao inang'aa kuliko yetu. Jina la aliyeandaa hati liandikwe kwenye hati. Ada ikubaliwe mapema. Viwango vyake vilitangazwa mwaka 2015, na risiti ya EFD ni haki ya mteja. Baada ya hapo wamuulize maswali matatu. Utakwenda kuliona eneo lenyewe? Una uhusiano gani na muuzaji, au na dalali aliyenileta kwako? Ni mauzo gani uliyowahi kuyakataa, na kwa nini? Wakili ambaye hajawahi kukataa mauzo yoyote si mtu wa kumkabidhi akiba ya maisha.

Na wauzaji nawaambia hayo hayo kwa msisitizo zaidi, kwa sababu wao hudhani wakili ni wa mwenye hela. Mnunuzi akikosea, mara nyingi amebakiwa na kwao kwingine. Mkulima wa Gare au Ubiri anayeuza kwa sababu ya ada ya shule au ugonjwa huuza mara moja tu, na shamba likishaondoka, wajukuu hawatapewa jingine, kwa kuwa milima haiongezeki. Sheria inampa muda wa miaka 12 kudai ardhi iliyochukuliwa isivyo halali, lakini kudai kunataka nauli, mashahidi na afya, na wengi huishiwa kabla ya hukumu.

Mmoja wa mabinti waliofanya mazoezi ya kazi ofisini kwangu, aliyesoma chuo kile kile nilichosoma, sasa ni wakili na amefungua ofisi yake hapa hapa wilayani. Nikimpokea mnunuzi, muuzaji namwelekeza kwake, naye hunifanyia vivyo hivyo. Tunabishana kwa barua na mezani, na mara kadhaa ameona jambo la mteja wake ambalo mimi nisingelitafuta. Wateja huuliza kwa nini nyumba moja ilipiwe mawakili wawili. Jibu langu ni kwamba nyumba moja ina familia mbili, moja inatoka na nyingine inaingia, na kila moja inastahili mtu wa kuisimamia ambaye hana deni kwa ile nyingine. Ningependa kila mji mdogo wa nchi hii ufikie hapo.