Kajiado, Maziwa Yenye Moshi

Kitengela haingoji jua lichomoze. Alfajiri makanga wa barabara ya Namanga wanaita "Isinya, Kajiado!" kwa sauti zilizokwisha kukauka, malori ya kwenda Tanzania yanapita kwa kishindo, na harufu ya dizeli inagombana na ya mandazi yanayoopolewa karaini. Baridi ya Julai hapa haina huruma kwa mtu wa Pwani. Nilikumbatia kikombe cha chai hadi kikapoa. Vumbi nalo lipo tele, na mvua ikinyesha, udongo mweusi unang'ang'ania kiatu hadi unakivua. Wenyeji husimulia hayo wakicheka.

Ukishapita Isinya na mashamba yake ya maua, majengo yanapungua na mbuga inatanda, migunga na mbuzi hadi macho yachoke. Kutoka Kitengela hadi mji wa Kajiado ni yapata kilomita 50, ila matatu yetu ilisimama kwa kila mama mwenye mzigo, na kila aliyepanda alitusalimu sote. Sikuona sababu ya kulalamika.

Safari yangu ilikuwa ya maziwa. Bodaboda ilinifikisha bomani meno yakiwa na mchanga. Mwenyeji wangu, mama wa makamo mwenye shanga hadi mabegani, aliitika "Iko" nilipomsalimu kwa Kimasai "Takwenya", kisha akacheka lafudhi yangu na kunivutia kigoda karibu na moto.

Alikuwa anatayarisha kibuyu. Kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, kilikuwa kimewaka ncha ikawa kaa jekundu. Alikitumbukiza kibuyuni, akasugua huku akikizungusha, na moshi ukatoka mdomoni mwa kibuyu, mzito na wenye harufu tamu. Makaa yalipopondeka ndani alikifunika, akakitikisa karibu na sikio, kisha akakung'uta masizi kwa brashi ya singa za mkia wa ng'ombe. Ndipo maziwa yanapomiminwa na kuachwa yagande siku tano au zaidi, yawe yale ambayo Wamasai huyaita kule naoto.

Watengenezaji wa wiski wangemwelewa mara moja. Wiski ikitoka mtamboni haina rangi, na sehemu kubwa ya ladha yake huipata kwenye mti. Wamarekani huweka wiski yao ya bourbon katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani: moto huvunjavunja ubao ukatoa harufu ya vanila, na tabaka la mkaa hufyonza ukali. Mengi ya mapipa hayo huvuka bahari hadi Uskoti, ambako sheria inadai wiski ikae kwenye mwaloni angalau miaka 3. Mama wa Kajiado hana subira ya miaka, lakini kibuyu chake kina uhai zaidi kuliko pipa. Watafiti waliopima kule naoto ya Wamasai wa Kenya walikuta bakteria wa Lactobacillus plantarum ndio wametamalaki. Hao ndio wanaoleta uchachu. Moshi unaleta mengine.

Na ladha yenyewe? Funda la kwanza lilinikunja uso, watoto wakaangua kicheko. La pili uchachu ulitulia, moshi ukapanda puani, na vichembe vya mkaa vikabaki kwenye ulimi. Kikombe kilijazwa tena bila mimi kuulizwa. (Maboma mengine siku hizi huchemsha maziwa kwanza kwa hofu ya brusela, na ni busara.) Nilipoulizia mtungi wa plastiki uliokuwa mlangoni, mama aliutazama kwa jicho la pembeni: "Hayo ya mtungi ni ya kuuza. Ni maziwa tu."

Jioni Kitengela ilinipokea kwa moshi mwingine, wa mbuzi choma, chumvi na kachumbari. Nyama ilikuwa nzuri, ila nyama choma nzuri utaipata miji mingi ya Kenya. Wewe pitiliza hadi Kajiado, beba noti ndogondogo za bodaboda, na ukialikwa bomani uombe maziwa ya kibuyu.