Nachingwea: Reli Isiyouliza Njia

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda mikoa ya kusini huvuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa kiasi cha meta 970. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, basi lilingoja kivuko, na wakati wa masika safari iliweza kuchukua siku kadhaa. Siku hizi mtu huondoka alfajiri na kufika Lindi akiwa bado na nguvu ya kusalimia ndugu. Mbele ya Lindi, pale Mnazi Mmoja, njia hugawanyika: kushoto ni Mtwara, kulia ni Masasi na Nachingwea. Pande zote mbili ni nchi ya mikorosho, minazi, mihogo na ufuta.

Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam, aliyezoea kusikia honi ya garimoshi, huenda akauliza kwa nini huku hakuna reli. Jibu litamshangaza: reli ilikuwapo, na iling'olewa.

Habari yenyewe ilianza mwaka 1946. Uingereza, iliyokuwa imechoshwa na vita, ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Wataalamu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo katika Tanganyika, walitumwa kutazama kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Walizunguka kwa wiki tisa, na sehemu ya kazi hiyo waliifanya wakiwa angani, ndani ya ndege. Kisha wakapendekeza zifyekwe ekari 3,210,000. Katika Tanganyika, mahali palipochaguliwa ni Kongwa, Urambo na Nachingwea, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa huku Kusini.

Karanga nyingi namna hiyo zilihitaji njia ya kwenda baharini. Ikajengwa reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, hadi Nachingwea. Mtwara ikajengewa bandari yenye kina kirefu, nayo baadaye ikaunganishwa na reli hiyo.

Wiki tisa hazimwonyeshi mtu mwaka mzima wa mvua. Kule Kongwa, Wagogo walikuwa wakiishi na ukame tangu enzi za mababu. Ndiyo sababu walilima mtama na uwele, wakafuga ng'ombe, wala hawakuweka riziki yao yote katika zao moja. Walijua pia kwamba udongo wao ukikauka huwa mgumu kama tofali. Mtaalamu angeweza kuyajua hayo kwa kuketi jioni moja na wazee chini ya mbuyu. Majembe ya matrekta yalivunjika, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 serikali ya London ikautupa mpango huo baada ya kupoteza paundi milioni 36 hivi.

Reli ya Kusini ikabaki bila mzigo iliyojengewa. Ilijikongoja kwa miaka michache zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Nachingwea ilipata heshima yake kwa njia nyingine: huko ndiko walikopewa kambi wapiganaji wa FRELIMO, waliojiandaa hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Lakini mkulima wa korosho alirudi kulitegemea lori na barabara ya vumbi.

Hapa ndipo penye funzo. Wakati reli ile inajengwa, Kusini hakukuwa jangwa lisilo na watu wala mazao. Watu wengi waliishi juu, katika nyanda za Makonde, upande wa Newala, ambako korosho ilizidi kustawi. Garimoshi halikupanda huko. Lilielekezwa kwenye mashamba ya karanga ambayo bado yalikuwa ndoto, likawaacha wenye magunia mkononi. Laiti mkoloni angeuliza wananchi wanalima nini, wanaishi wapi na wanauza wapi, huenda njia ya reli ingekuwa nyingine, na huenda ingekuwapo hata leo.

Jambo hili si la kumbukumbu tu. Nchi yetu imo katika enzi mpya ya reli. Tangu mwaka 2024 garimoshi la umeme hubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na miongoni mwa njia zilizomo katika mipango ya taifa ni ile ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, yenye urefu wa kiasi cha kilometa 1,000, pamoja na matawi ya kwenda kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Kusini itapata reli tena. Swali ni nani atakayeonyesha njia.

Mhandisi ana kazi yake, wala hakuna awezaye kumfundisha kupima mwinuko au uzito wa daraja. Lakini yapo mambo yasiyoonekana katika darubini yake. Ni kijito kipi hukauka miezi minane, kisha mwezi wa tatu hufurika na kubeba nyumba? Wanafunzi hupita wapi kwenda shule? Akina mama huteka maji wapi? Kule Tunduru na Namtumbo, tembo wanaotembea kati ya Selous na Niassa ya Msumbiji huvukia wapi? Makaburi ya ukoo yapo chini ya mwembe upi? Majibu wanayo watu wa mahali hapo.

Sheria nayo imewapa nafasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji, ambayo huisimamia kwa niaba ya wanakijiji na kuwajibika kwa Mkutano Mkuu, yaani kwa watu wazima wote wa kijiji. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya taifa, fidia hapana budi ilipwe. Hata makaburi yana sheria yake, ya mwaka 1969, inayohusu kuyahamisha na kugharimia mazishi mapya.

Lakini sheria haisemi yenyewe. Husemewa na watu. Mwenyekiti wa kijiji anayeitwa mjini, akaonyeshwa ramani iliyokwisha kukamilika na kutakiwa atie sahihi, hakushirikishwa, amearifiwa tu. Mjumbe wa kweli huitwa kabla kigingi hakijapigwa. Hurudi kijijini na ramani, huitandaza mbele ya mkutano, huwaacha wazee, vijana na akina mama waseme, kisha huyarudisha maneno yao kwa wapimaji kwa maandishi. Naye mpimaji akishindwa kuyafuata, arudi aeleze kwa nini. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Mkorosho mmoja huchukua miaka kadhaa kabla ya kumlipa mwenyewe, na tuta lililozuia maji mahali pasipofaa huchukua miaka mingi zaidi kusahihishwa.

Yapo madai ambayo hayatakubalika. Reli haiwezi kukwepa kila shamba, wala kila kijiji hakiwezi kupata stesheni. Mwananchi aliyesikilizwa na kuelezwa ukweli anaweza kutoa shamba lake kwa ajili ya taifa bila kinyongo. Aliyeamshwa na tingatinga hatasahau, hata akilipwa.

Ndugu msomaji, labda wewe unaishi Temeke, Mbagala au Tabata, lakini mama yako au bibi yako yupo Masasi, Tunduru, Songea au Mbinga. Mpigie simu leo. Muulize mipaka ya shamba lenu ni ipi, nani anaijua, na makaburi ya wazee yapo wapi. Yaandike hayo katika daftari, na umwambie asikose mikutano ya kijiji. Siku wapimaji watakapofika na vigingi vyao, jibu lenu liwe tayari.