Chatu wa Reading, panya wa Kariakoo

Uingereza nyoka mwenyewe ndiye kitu cha bei rahisi. Kinachokamua mfuko ni makazi yake: sanduku la mbao lenye vioo vya kusukuma, hita, kidhibiti joto, vipimajoto viwili, kipima unyevu, kufuli, na vipango viwili vya plastiki vya kujifichia. Mtoto wa dada yangu, hapa Reading, alipokwenda dukani kununua chatu, muuzaji alimrudisha nyumbani mikono mitupu. Akafunge kwanza vitu vyote, aviwashe, avitazame siku kadhaa mpaka joto litulie, ndipo aje amchukue mnyama. Mimi niliyekulia Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, Dar es Salaam, ambako kuku wa Idi huingia ndani kafungwa miguu kabla mtu hajawaza atalala wapi, nilidhani jamaa anatafuta namna ya kuuza hita.

Kumbe alikuwa na hoja. Nyoka hana joto lake mwenyewe. Asipopata pembe yenye nyuzi 31 au 32 za kuota na pembe nyingine ya 25 hivi ya kupoa, chakula alichomeza hakisagiki, kinaweza kumwozea tumboni akakitapika. Unyevu nao ukishuka, gamba halitoki vizuri. Ndiyo maana vipango ni viwili, kimoja upande wa joto na kimoja upande wa ubaridi. Ukimwekea kimoja tu, itabidi achague kati ya kujificha na kupata joto, naye atachagua kujificha hata kama anaumwa na baridi.

Chatu anayefugwa sana huku si yule wetu anayemeza swala. Huyu anaitwa chatu wa kifalme, kwao ni Afrika Magharibi mpaka pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Akifika mita moja na nusu huyo ni mkubwa, na ana uwezo wa kuishi miaka 20 na zaidi. Porini hulala kwenye mashimo ya panya na vichuguu. Akiogopa hajikazi kupigana, bali hujiviringisha akawa mpira, kichwa kikiwa katikati. Mjini Ouidah, Benin, wana hekalu lao ng'ambo ya barabara kutoka kanisa kubwa la Wakatoliki, na akionekana mmoja anatambaa mtaani huokotwa kwa adabu akarudishwa.

Basi siku alipoletwa, ndani ya mfuko wa kitambaa, nilitarajia picha, video na watoto wa jirani. Hakukuwa na lolote. Kijana aliufungua mfuko ndani ya sanduku, akafunga vioo, akafunga kufuli, akatupia kanga ya mama yake juu ya kioo cha mbele, akatoka. Wiki nzima ya mwanzo mnyama haguswi. Anabadilishiwa maji, basi. Hata redio ya chumbani ilihamishwa, maana nyoka hupokea mtetemo kwa mwili, na spika iliyokaa juu ya meza moja na sanduku lake ni adha kwake usiku kucha.

Nilichungulia, sikatai. Kilichoonekana ni pua tu kwenye mlango wa kipango, na safu ya vitundu vidogo juu ya mdomo wa juu. Vitundu hivyo huhisi joto la mwili wa panya gizani. Ulimi ulitoka, ukapepea taratibu, ukarudi. Nilipoinua mkono kuisogeza kanga, pua ikarudi ndani.

Chakula ndicho kilicholeta kesi na dada yangu. Panya huku huuzwa dukani wakiwa wameganda, wamepangwa kwa ukubwa, kuanzia wachanga wasio na manyoya. Wakawekwa kwenye friza, kwenye boksi lao lenye mfuniko, chini ya sambusa za Ramadhani. Siku ya kulisha, panya huyeyushwa polepole kwenye friji, kisha hutumbukizwa ndani ya mfuko kwenye maji ya moto mpaka apate joto la kiumbe hai, halafu hushikwa kwa koleo refu na kutikiswa mbele ya kipango. Mara ya kwanza chatu alimtazama tu. Kijana akaondoa panya, akasubiri wiki. Nilimwuliza kama mnyama anaumwa, akanijibu kwa utulivu ulioniudhi kwamba chatu wa kifalme mzima anaweza kugoma kula miezi kadhaa bila kudhurika, na kwamba anayemsumbua kila siku ndiye anayemzidishia mgomo. Mara ya pili alirusha kichwa hata sikuona kilivyotoka.

Tukampigia mama, Kariakoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Huyo mdudu yuko wapi?"

"Amelala, bibi. Hana sumu."

"Mwana wa nyoka ni nyoka. Na mama yako anapika jiko hilo hilo?"

Sikumcheka mama, na nisingependa msomaji amcheke. Uingereza nyoka wa porini mwenye sumu ni mmoja tu, na kifo cha kuumwa naye ni habari ya vizazi vilivyopita. Sisi tuna swila, koboko na kifutu. Kifutu ana tabia ya kulala njiani asisogee hata akisikia hatua, mpaka akanyagwe. Dawa ya sumu ni ghali na haipo kila zahanati. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya maradhi yaliyosahaulika mwaka 2017 tu. Mtu wa Jangwani, Dar, mvua za masika zikilijaza bonde la Msimbazi na kila chenye shimo kikitafuta pakavu, hana muda wa kuuliza huyu ni wa aina gani. Anachukua fimbo. Wengine humwaga mafuta ya taa mlangoni au huchoma vipande vya tairi, tiba ambayo sijaona ikimzuia nyoka, ila moshi wake humtoa mwenye nyumba.

Lakini twende Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi. Katikati ya vijana wa mitumba na vifuniko vya simu, yupo yule mwenye kipaza sauti cha tangazo lililorekodiwa: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, dawa ya viroboto, kisha kanda inaanza upya. Panya wa Kariakoo wanakula vizuri kuliko wapangaji wengi. Tangu nyumba za Kiswahili zenye uwanja wa nyuma zipishe maghorofa yenye stoo mpaka ngazi ya saba, wamepata vyumba. Dada yangu analipa pauni kwa ajili ya panya waliokufa, na mama yangu analipa shilingi kwa ajili ya panya wafe. Sumu ile hupita kwa panya ikaingia kwa paka na bundi. Wale nyoka wadogo wa kahawia wasio na sumu, ambao wangekula panya bure, tunawaua sisi wenyewe tukiwachanganya na wenzao.

Na joto? Kijana wetu analipa bili ya umeme mwezi hadi mwezi ili kutengeneza ndani ya sanduku hali ya hewa ambayo Dar ya Februari inaigawa bure mpaka watu wanalala barazani. Nyuzi 32 mchana, 25 usiku, unyevu mpaka shuka zinanata. Kariakoo ina kila anachohitaji chatu, ila si ukimya wala giza la kuachwa peke yake.

Tanzania wanaojua nyoka wapo, tena zamani. Ukienda maonyesho ya Sabasaba, viwanja vya Barabara ya Kilwa, mara nyingi utakuta ngoma ya Kisukuma na chatu mkubwa shingoni mwa mchezaji. Nyuma yake ni elimu ya Bayeye, chama cha wataalamu wa nyoka wa Usukumani, waliokamata nyoka mashambani, wakatibu walioumwa na kufundishana mizizi na majani kwa siri na kiapo. Makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza, yanahifadhi habari zao. Arusha nako, Meserani, kuna bustani ya nyoka iliyofunguliwa mwaka 1993, na kando yake zahanati inayotibu walioumwa. Mchezaji wa ngoma anajua mwili wa chatu kwa mikono yake kuliko muuzaji wa Reading. Hata hivyo, chatu anayezungushwa mbele ya umati tangu asubuhi, ngoma zikitetemesha ardhi, watoto wakimvuta mkia, simpi maisha marefu. Ustadi wa kumshika tunao. Wa kumwacha nimeuona kwa kijana wa kidato cha tano, Uingereza.

Kuna jambo jingine la kijana huyo lililonifurahisha. Chatu alipoanza kufifia rangi na macho kugeuka ya maziwa, akaongeza maji, akatundika karatasi mlangoni: asishikwe, anajivua gamba. Watanzania tulilizoea neno hilo mwaka 2011 kwenye mikutano ya CCM, chama tawala kilipoahidi kujisafisha. Chatu huyu alivua gamba lote kwa mkupuo mmoja, kuanzia puani hadi mkiani, bila kamati.

Sasa nimeshapokea ujumbe kutoka kwa binamu aliyeona picha: naye anataka, chumba chake cha Mtaa wa Aggrey kina kiyoyozi. Jibu langu ni hapana, wala si kwa sababu ya kiyoyozi. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, chatu wa Tanzania ni mali ya umma na bila kibali humiliki hata ngozi yake. Wa kumwuliza ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori, si kijana wa kijiweni anayesema anaweza kukuletea mmoja ndani ya kiroba.

Biashara hii tumeshaionja kwa upande wa kuuza. Mwaka 2016 tumbili zaidi ya 60 walinaswa uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) wakipelekwa Albania, na Mei mwaka huo Serikali ikafunga usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Juni 2022 zuio lilitangazwa kuondolewa, likarudishwa haraka baada ya kelele za wananchi. Mfano unaoniuma zaidi ni mdogo wa sentimita chache: mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye miti ya jamii ya mkadi. Wafugaji wa Ulaya walimpenda, watu wakakata miti ili wamfikie, mpaka mwaka 2017 CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ikapiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Waliomnunua nao walikuwa na vipimajoto viwili na kanga juu ya kioo.

Wala Uingereza si peponi kwa nyoka. Sheria inakataza kumuuzia mnyama mtoto wa chini ya miaka 16, ila haimzuii mtu mzima kuchoka. RSPCA, shirika la kutetea wanyama, kila kiangazi huitwa kuokota nyoka waliotoroka, na wengine hutelekezwa ndani ya foronya.

Desemba tunakuja Dar. Kijana aliuliza kama anaweza kuja naye. Chatu yupo kwenye orodha ya CITES, kwa hiyo ni kibali cha kutoka, kibali cha kuingia, daktari wa mifugo, na shirika la ndege lenye moyo huo. Tumemwachia jirani, mama wa Kigujarati asiyekula hata yai, na kwa heshima yake panya wa friza wamekwisha kabla ya safari. Kwa majuma mawili mnyama hahitaji kula. Karatasi aliyoachiwa ina mistari mitatu: badilisha maji, soma vipimajoto, kioo usifungue bila sababu.