Sauti Niliyokuwa Nairuka

Tulisema kila mtu aandike kuhusu kitu cha zamani alichokirudia. Mmoja ameandika kuhusu chapati za shosho wake, mwingine kuhusu mpira. Mimi naandika kuhusu CD moja. Naomba mvumilie, ni ndefu kidogo, na katikati kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

CD ilikuwa ya kaka yangu mkubwa. Mwaka 2006 tulikuwa Kakuma One, mimi nina miaka tisa na yeye kumi na tisa. Alienda Nairobi akarudi nayo kwenye mfuko wa shati. Haikuwa original, ilikuwa ile ya kuburn, jina limeandikwa juu kwa maka peni: Ceasefire. Nilimuuliza maana yake. Akasema ni pale watu wanaacha kupigana lakini bado wameshika bunduki.

Redio ya CD ilikuwa ya jirani. Stima hakukuwa, tulitumia betri ya gari, na kuichaji sokoni kwa Waethiopia ilikuwa pesa. Kwa hivyo tulisikiliza jioni tu, watoto wamekalia jerikeni, wakubwa wamesimama. Kukiwa na upepo wa vumbi, kaka anafunika redio kwa shuka na muziki unatoka chini ya shuka.

Kwa wale wadogo ambao hawaijui: hiyo albamu ilitoka mwaka 2005, mwaka uleule ambao amani ya Sudan kati ya serikali na SPLA ilisainiwa Nairobi, tarehe 9 Januari. Imeimbwa na watu wawili. Wa kwanza ni Emmanuel Jal, kijana wa kwetu Kusini, Mnuer, aliyebebeshwa bunduki akiwa mtoto, kisha akafichwa kwenye ndege na mwanamke wa misaada Mwingereza, Emma McCune, akaletwa Kenya. Wa pili ni Abdel Gadir Salim, mzee wa Kaskazini, Mwislamu kutoka Kordofan, mpiga udi. Yaani mtu wa Kusini na mtu wa Kaskazini kwenye CD moja, baada ya vita vya zaidi ya miaka ishirini.

Sisi watoto hayo hatukuyajali. Tulimtaka Jal. Alikuwa anarap kwa Kinuer, lugha ya nyumbani, halafu anaingiza Kiingereza, Kiarabu, hata Kiswahili. Kusikia Kinuer kwenye redio wakati huo, maze, ilikuwa kama kumwona mjomba wako kwenye televisheni. Wimbo wake “Gua” ulikuwa unapigwa hadi kwenye stesheni za Kenya.

Lakini yule mzee, hapana. Yeye akianza kuimba kwa Kiarabu, udi na violini nyuma yake, mimi nabonyeza kitufe cha kuruka. Kiarabu nilikuwa sijui. Nilikuwa najua tu kwamba ni lugha ya watu waliotufanya tuwe Kakuma. Mama alikuwa akisikia Kiarabu anaingia ndani.

Kaka alinikataza. Alikuwa na sheria moja tu kuhusu hiyo CD: hakuna kuruka. “Ukiruka hujaisikiliza,” alisema. “Umesikiliza nusu yako.” Mimi nilingoja akienda kuchota maji, naruka.

Mwaka 2012 kaka alirudi Juba. Nchi ilikuwa mpya, ina mwaka mmoja tu, na alipata kazi ya kuendesha gari. CD aliniachia mimi, akasema Juba atanunua ya original. Tuliongea kwa simu kila Jumapili. Jumapili ya mwisho ilikuwa tarehe 15 Desemba 2013, mchana. Usiku ule vita vikaanza Juba. Wale mnaojua, mnajua. Wale wasiojua: siku zilizofuata, kuongea Kinuer kwa simu barabarani kungeweza kukuua. Simu yake haikupokewa tena. Mama bado anaiweka namba ile kwenye simu yake. Mimi sijui niandike “marehemu” au nisiandike, kwa hiyo naandika “kaka”.

Niliifunga CD kwenye karatasi ya gazeti nikaiweka chini ya sanduku. Sikuicheza tena. Nilimaliza fomu four 2017, nikisikiliza vile kila mtu alivyokuwa anasikiliza, Diamond, Sauti Sol, na zile za Naija. Kinuer kwenye muziki sikutaka kukisikia kabisa.

Nilikuja Juba 2019, baada ya ile amani ya 2018. Konyokonyo kuna vijana wanaoweka nyimbo kwenye memory card, nikampelekea mmoja CD. Ilikuwa imekwaruzika vibaya. Nyimbo saba zilikubali, zingine zikakwama. Nikalipa, nikaweka kadi kwenye simu, na sikuifungua. Miaka mitano ilikaa humo na mimi natembea nayo mfukoni.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Tangu 2023 najitolea Gorom, ile kambi iliyo nje ya Juba. Zamani ilikuwa kambi ndogo, wengi wakiwa Waanyuak kutoka Ethiopia. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, Wasudani wakaanza kuja, na kambi ikafurika. Kazi yangu ni foleni: foleni ya maji, ya kuandikishwa, ya sabuni. Arabi Juba nilijifunza kwenye foleni hizo.

Januari 2025 zilitoka zile video za Wad Madani. Mtu anarushwa majini, mtu anapigwa risasi, na ikasemwa ni Wasudani Kusini wanauawa kule. Niliziona usiku. Nilizishea mara tatu, kwenye magrupu matatu, na maneno ambayo sitayarudia hapa. Siku iliyofuata watu wakaingia barabarani Juba wakavunja maduka ya Wasudani.

Mtaani kwetu Gudele kulikuwa na duka la mikate la Wasudani. Nilikuwa nanunua pale kila asubuhi kwa mwaka mzima, na yule kijana wa pale alishajua nataka mikate mingapi. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaangalia mlango ukivunjwa. Sikuiba kitu. Sikurusha jiwe. Lakini mimi ni mtu wa foleni, kazi yangu ni kusema “jamani, taratibu”, na siku hiyo sikusema. Moyoni kuna sehemu ilikuwa inafurahi. Hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Serikali ikaweka kafyu, saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Baada ya siku chache ikafunga Facebook na TikTok ili video zisisambae. Mnakumbuka tulivyopotea hapa. Usiku mrefu, umelala chini ya neti, simu imejaa chaji na haina la kufanya. Ndipo nikafungua memory card.

Nilidhani nitalia kwa sababu ya kaka. Jal akaanza, Kinuer kikatoka, na kweli kifua kilibana. Halafu akaingia yule mzee. Kidole kikaenda chenyewe kuruka, kama cha mtoto wa miaka tisa. Kikasimama hapo, kwa sababu nilikuwa nimemwelewa. Si kila neno, lakini namwelewa. Kiarabu nilichookota kwenye foleni za Gorom kimenifungulia nusu ya CD niliyokuwa nayo tangu utotoni. Nilisikiliza nyimbo zote saba bila kuruka. Mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kafyu ilipolegea nikarudi Gorom. Kuna mzee pale, fundi cherehani, anatoka El Obeid, aliingilia Joda akapita Renk. Siku moja nilikuwa nacheza kadi kwa sauti ndogo nikimsubiri anishonee begi. Akasimamisha cherehani.

“Ya wiledi, rudisha hapo.”

Nikarudisha.

“Huyu ni Abdel Gadir Salim. Mtu wetu wa Kordofan. Amefikaje kwenye simu yako?”

“Ni CD ya kaka yangu, ya haj.”

“Kaka yako mtu wa wapi?”

“Bentiu.”

Aliniangalia muda. Kisha akaniambia vitu ambavyo miaka yote sikuvijua. Kwamba yule mwimbaji alikuwa mwalimu wa shule. Kwamba mwaka 1994 mtu mwenye kisu aliingia kwenye klabu ya wanamuziki Omdurman, akamuua mwimbaji Khojali Osman na kumjeruhi Abdel Gadir Salim, wakati ambao kuna watu waliona muziki ni dhambi. Mimi nilidhani ni sauti ya waliotufukuza. Kumbe naye alichomwa kisu, na baada ya miaka kumi na moja akatoa albamu na kijana aliyepigana upande wa pili.

Halafu mzee akauliza, “Na huyu kijana anasema nini?”

Nikagundua kwamba yeye naye alikuwa na nusu yake. Nikaanza kumtafsiria Kinuer, yeye ananitafsiria Kiarabu nisichokijua, na begi langu limelala kwenye cherehani. Tulipofika “Gua” akasema hilo analijua, ni Kiarabu, maana yake nguvu. Nikasema hapana, ya haj, ni Kinuer, maana yake amani. Tukabishana kama watu wa mpira. Kumbe sote tulikuwa sawa, neno hilo lina maana kwenye lugha zote mbili, na Jal mwenyewe alishaeleza hivyo.

Sitawadanganya kwamba wimbo umemaliza vita. Sudan bado wanapigana. Hapa kwetu tangu Machi 2025 hali imechafuka tena, na kila mtu anaangalia mlango. Albamu ilitimiza miaka ishirini mwaka 2025, na maana ile ya jina aliyonipa kaka bado ni ya kweli kabisa.

Ila mzee aliniambia jambo lingine siku ile, kwa kupita tu. Mtoto wa dada yake alikuwa anafanya kazi kwenye duka la mikate mjini, na Januari alijificha siku tatu. Hakusema duka gani, na mimi sikuuliza. Nilichukua begi nikalipa nikaenda.

Ameniomba nimwekee zile nyimbo kwenye simu yake. Nitampelekea Jumatatu. Nimeamua nikimpa kadi nitamwambia na habari za ule mlango wa Gudele, hata kama baada ya hapo hatanishonea tena. Nimeandika hapa kwanza ili nisipate njia ya kuruka.

Na ombi moja kwenu: kama kuna mtu Kakuma bado ana hiyo CD nzima, isiyokwaruzika, aniambie. Mtandaoni najua ipo, na bando likipatikana nitatafuta. Lakini kaka alitaka tuwe na original.