Mnadani Kiswahili, Jikoni Kinyaturu

Toka Singida mjini, shika njia ya kaskazini, utaingia Ilongero, kwa Wanyaturu wa alizeti na kuku wa kienyeji. Nilikwenda mnadani. Mama mmoja akanitajia bei ya jogoo kwa Kiswahili laini, "Chukua mwanangu, huyu ameshiba," kisha akamgeukia jirani yake, wakacheka kwa Kinyaturu. Nikajua tu, hapo nimesengenywa!

Lakini bila Kiswahili tungeelewana vipi? Mkoa huu una Wanyaturu na Wanyiramba, ambao ni Wabantu, una Wabarbaig wenye lugha ya Kiniloti, na kule Munguli, Mkalama, wapo Wahadzabe wenye lugha ya vidoko.

Wenzetu wa Indonesia walikuwa na kimbembe hichohicho, tena cha mamia ya lugha. Wajava ndio wengi, lakini Oktoba 28, 1928 vijana waliokutana Batavia, leo Jakarta, walikula kiapo: lugha ya umoja ni Kiindonesia, yaani Kimalei, lugha ya biashara ya bandarini. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tofauti ni kwamba kule waliamua vijana, huku wakaamua wakoloni. Kwetu nako Wasukuma ndio wengi, lugha ikatoka pwani. Hata Mwarabu tuliyemwazima ni mmoja: sabuni wao "sabun", habari "kabar", na dunia ni dunia vilevile!

Mwandishi wao Pramoedya Ananta Toer alikuwa Mjava, akaandika Kiindonesia. Riwaya yake Bumi Manusia aliwasimulia kwanza kwa mdomo wafungwa wenzake kisiwani Buru, ikachapishwa 1980. Kumbe mdomo ukipata karatasi, hadithi inavuka bahari.

Sasa Ilongero midomo ipo, karatasi ndiyo adimu. Kijana aliyenitembeza, mzaliwa wa hapohapo, anamwelewa bibi yake akisimulia ngano, ila anamjibu kwa Kiswahili. Mtoto wake je, ataelewa nini? Kiswahili hakina kosa, kimetuunganisha. Lakini hakiwezi kukumbuka ngano ambazo hakuna aliyekipa.

Kwa hiyo wewe wa Dar, Mwanza au Arusha mwenye bibi kijijini, likizo hii beba daftari. Andika kwanza kwa lugha yake, kama anavyotamka. Kutafsiri baadaye, bibi kwanza.